Mashine ya wembe mmoja, shavette na wembe wa kukunja: ipi inanyoa chini zaidi, ipi ni rahisi kuimudu?

MakaliMatupu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Swali la "mashine ipi inanyoa chini kabisa" hujitokeza katikati ya nyuzi za mambo mengine na kuzikwa humo humo. Nimelifungulia uzi wake. Naanza na mashine za chuma zinazotumia wembe wa makali mawili. Wanaoujua wembe wa kukunja (ule wa kunolewa) na shavette (mpini kama huo, ila wa kuchomeka nusu ya wembe wa kawaida) watatujazia.

Tuelewane maneno kwanza. Wembe ni kile kibapa chenyewe: upana milimita 22, urefu 43, unene 0.1. Kipimo ni kilekile kila mahali, ndiyo maana wembe wa dukani kwa Mangi unaingia kwenye mashine iliyotengenezwa Solingen, Ujerumani, bila kulazimishwa. Mashine ni chuma kinachoushika: kofia ya juu, bamba la chini, mpini.

Tofauti ya mashine na mashine iko kichwani, na inatokana na mambo matatu. Kuna pengo kati ya makali na ukingo wa bamba. Kuna kiasi ambacho makali yanachungulia nje ya mstari wa kofia na ukingo. Halafu kuna jinsi kofia inavyoukunja na kuubana wembe: ukibanwa mbali na makali, ncha hutetemeka inapokutana na ndevu ngumu, na mtetemo huo ndio unaochubua. Wauzaji hutangaza pengo peke yake kwa sababu ni namba rahisi kuandika. Mimi naweka mbele makali yanayochungulia. Mashine yenye pengo kubwa na makali yaliyojificha inaweza kunyoa kwa upole kabisa, na yenye pengo dogo na makali yaliyochomoza ikakukata siku ya kwanza.

Sasa mashine zenyewe. Mühle R89 ya Ujerumani na Edwin Jagger DE89 ya Uingereza zina kichwa kimoja. Tofauti ni mpini. Zina vipande vitatu, ni za upole, zinakusamehe ukikosea mwinamo. Merkur 34C ina vipande viwili na mpini mfupi mnene, uzito kama gramu 77. Inashika ndevu zaidi kidogo ya R89, na uzito wake unafanya kazi ambayo wengi huifanya kwa kukandamiza. Feather AS-D2 ya Japani ni ya chuma cha pua na upole wake umezipita hizo zote, hadi mwenye ndevu nzito anaweza kumaliza raundi mbili bado shavu linakwaruza.

Upande wa pili kabisa kuna Mühle R41 yenye meno kama kitana. Hiyo makali yake yako wazi na inahitaji mkono uliotulia.

Ukipima ulaini baada ya raundi moja, R41 inaziacha zote. Baada ya raundi tatu (kushusha kufuata ndevu zinavyolala, kukatiza, halafu kupandisha kinyume) R89 yenye wembe mzuri inafika karibu palepale, maana kila raundi inapunguza kilichobaki. Tofauti inayosalia utaisikia kwa saa chache tu chini ya taya. Kwa hiyo simpi mtu R41 eti kwa sababu anataka "chini kabisa". Nampa mwenye ndevu za siku nne au tano, ambazo ukingo ulionyooka huzilaza kabla hazijakatwa. Meno huziacha zipite, na hayakombi povu lote kabla ya makali kufika.

Merkur 37C ni aina ya pekee: kichwa chake kimepindishwa makusudi ili wembe ukae mshazari, ukate kama kisu kinachovutwa juu ya nyanya. Ndevu ngumu zinakatika kwa nguvu ndogo. Kosa la kawaida ni mtu kuinamisha mkono ili "kuunyoosha" ule mshazari. Ishike kama mashine nyingine yoyote.

Kama hujui ngozi yako itakubali ukali gani, nunua ya kurekebisha. Rockwell 6S ina mabamba matatu yenye nyuso mbili, jumla nafasi sita, kuanzia pengo la karibu milimita 0.2 hadi karibu 0.8. Anza na bamba la 2 au la 3, kaa nalo wiki mbili, ndipo upande. Gillette za kuzungusha za mwaka 1958 hadi 1961 zina namba 1 hadi 9 na bado zinapatikana kwa wauzaji wa vitu vya zamani. Kagua kama milango yake miwili ya juu, inayofunika wembe, inafunga sawa. Merkur Futur nayo inarekebishwa, ila kofia yake huchomolewa kwa kuibana pembeni. Usiiguse na vidole vyenye sabuni.

Kwa urahisi tu, bila kujali kitu kingine: R89, kisha 34C, kisha 37C, na R41 mwisho kabisa.

MzeeWaKidevu

Mkuu MakaliMatupu, ahsante sana. Kwa mwenye ndevu za kipilipili mpangilio huu unabaki hivyo hivyo? Wengi wanaolalamikia vipele vya kidevuni na shingoni huambiwa wabadilishe mashine, wanabadilisha, na vipele viko palepale.

NesiZaituni

Haubaki. Hapa "chini kabisa" inageuka kuwa tatizo lenyewe, naomba tulitazame kwa utulivu.

Unywele wa kipilipili unatoka kwenye shimo lililopinda. Ukikatwa kwa mshazari unabaki na ncha kama sindano, na ukiota unajikunja kuirudia ngozi. Unaweza kuingia kwa njia mbili. Ya kwanza, unatoka nje milimita chache, unapinda, unatoboa ngozi pembeni. Ya pili ndiyo inayohusu uzi huu: unywele umekatwa chini ya usawa wa ngozi, unajificha ndani, na unapoota unatoboa ukuta wa shimo lake bila hata kuona mwanga. Mwili unaushambulia kama mwiba. Kipele unachokiona ni vita hiyo.

Mashine za nyembe mbili na zaidi, zilizoanza kuuzwa na Gillette mwaka 1971, zinafanya njia ya pili iwe rahisi. Wembe wa mbele unauvuta unywele kidogo, wa nyuma unaukata kabla haujarudi, kisha unazama. Wembe mmoja hauvuti hivyo, na hii ndiyo sababu ya kweli ya mtu wa vipele kuhamia huku. Lakini akija nao na tabia za kule, yaani kunyoosha ngozi kwa vidole, kupandisha raundi tatu, kurudia palepale mara tano, atazalisha vipele vilevile kwa mashine ya bei kubwa zaidi.

Utaratibu kwa mwenye tatizo: kama sasa hivi kuna vipele vyenye usaha au vinavyouma, acha kunyoa wiki tatu hadi nne, au punguza kwa mashine ya umeme ukiacha milimita 1. Ndevu nyingi zilizonasa huchomoka zenyewe zikirefuka. Inayoonekana imejikunja juu ya ngozi, iinue kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, uiache hapo. Ukiing'oa itarudi imenasa ndani zaidi. Ukianza tena, raundi moja ya kushusha, bila kuvuta ngozi, kwa mashine ya upole kama R89 au AS-D2. Baada ya mwezi bila kipele kipya ongeza raundi ya kukatiza, mashavuni tu. Kupandisha shingoni sahau.

Na kisogoni, tafadhali. Kuchonga laini ya kisogo kwa wembe kila wiki kunaweza kuleta vinundu vigumu vya kovu ambavyo havirudi nyuma. Mwenye kuota keloidi hapo apitishiwe mashine ya umeme bila kugandamiza, basi.

Kinoo_Mbs

Da Zaituni umesema kweli tupu. Naleta upande wa wembe wa kukunja, ule wa kunolewa.

Kwa ukaribu, wembe wa kukunja ulionolewa vizuri unalingana na mashine kali, na una faida moja: mwinamo unauchagua wewe, haukuchaguliwa na kiwanda. Kwenye shavu nyuzi 30 hivi, kwenye mdomo wa juu unapandisha kidogo, shingoni unaulaza zaidi. Kwa urahisi hauna lake. Hesabu nyuso kama 30 (yaani kunyoa mara 30) kabla mkono haujatulia, na anza na mashavu peke yake, umalizie kidevu kwa mashine.

Wa kuanzia uwe na upana wa 5/8 au 6/8 ya inchi na ncha ya mviringo. Ncha ya pembe kali inachoma sikio na pua za wanaojifunza.

Kila kabla ya kunyoa upitishe kwenye mkanda wa kunolea: mara 20 hadi 30 upande wa kitambaa, mara 40 hadi 60 upande wa ngozi. Mgongo unatangulia, makali yanafuata. Ukifika mwisho, uzungushe juu ya mgongo. Anayeuzungusha juu ya makali anaukata mkanda na kuyakunja makali kwa tendo moja. Mkanda uwe umevutika. Ukilegea unapinda, makali yanakuwa mviringo, na wembe unaanza kuvuta ndevu ingawa kwa kidole unauona mkali.

Jiwe linahitajika mara chache. Kama mkanda haurudishi makali tena, chukua jiwe la kunolea la 8000 kisha 12000 (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi), mikokoto 10 hadi 20 kila moja, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe. Jiwe la 1000 ni la kujenga makali upya, la 4000 au 5000 ni daraja la kati. Usiinue mgongo hata unene wa karatasi: mgongo ndio unaotunza pembe ya kunolea, na ukiuinua utapata makali manene yanayokwangua. Wembe mpya ulioandikwa "tayari kunyolea" mara nyingi hauko tayari. Ujaribu kwenye nywele za mkono, zikatike bila wembe kugusa ngozi. Usipopita, uende jiweni.

Unyevu wetu wa pwani unakula wembe wa chuma cha kaboni kwa usiku mmoja. Futa, uache wazi saa moja, paka tone la mafuta ya mashine ya cherehani, usiuweke bafuni.

KinyoziMakini

Shavette hamjaigusa. Mpini ni kama wa wembe wa kukunja, lakini unachomeka nusu ya wembe wa kawaida. Wembe unavunjwa ukiwa ndani ya karatasi yake: ukunje kwa urefu mpaka uvunjike, usiutoe kwanza.

Wengi hununua shavette wakidhani ni njia nyepesi ya kujifunza wembe wa kukunja. Naona ni kinyume. Kibapa cha 0.1 hakina uzito wala unene wa kukuonya, kona zake mbili zimekaa kama misumari, na mwinamo ukizidi kidogo inakata papo hapo. Wembe wa kunolewa unakwaruza kwanza, shavette inatoa damu kwanza. Kwa kunyoa chini inafika sana, lakini kazi yake hasa ni kuchonga laini ya ndevu na kazi ya saluni, maana kila mteja anapata kipande kipya.

Hilo la kipande kipya halina mjadala. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili angalau siku 7, na tone lisiloonekana linatosha. Mteja aone karatasi ikifunguliwa mbele yake. Mpini nao usafishwe: osha kwa sabuni kwanza, kisha loweka dakika 10 kwenye Jik ya asilimia 3.5 iliyochanganywa kipimo kimoja kwa sita vya maji, suuza, kausha. Ukiacha muda mrefu zaidi chuma kinaota kutu, na ukiloweka bila kuosha dawa inamalizwa na uchafu kabla ya kufanya kazi.

Povu_Zito

Naongeza kitu ambacho kinabadilisha matokeo kuliko kuhama kutoka 34C kwenda R89: maji.

Sabuni ya kunyolea ikikutana na maji ya kisima yenye chumvichumvi, kalsiamu na magnesi huifunga ikawa utando mweupe unaoganda kwenye brashi. Povu linainuka, dakika mbili limekauka, wembe unakwaruza, mtu analaumu mashine. Tumia maji ya mvua au ya chupa, nusu kikombe yanatosha kwa povu lote. Kusuuza mashine tumia hayo ya bombani.

Namna ya kulipandisha: brashi ya manyoya ya nguruwe iloweke dakika tatu hadi tano, ya nyuzi za plastiki haihitaji. Ikamue hadi isidondoke. Zungusha juu ya sabuni sekunde 30 hadi 40, au chukua krimu ya ukubwa wa punje ya korosho. Kisha ongeza maji matone machache kwa kila duru. Povu sahihi linang'aa kama mtindi ulioganda vizuri na halina mapovu makubwa. Likiwa kama povu la sabuni ya kufulia, maji yamezidi au sabuni ni haba. Likisimama kavu kama pamba, maji hayatoshi, na kosa hili la pili ndilo linalowapata wengi.

Uso ukae na maji ya uvuguvugu dakika mbili hadi tatu kabla ya yote. Ndevu zikinywa maji zinakatika kwa nguvu ndogo sana.

Juma_Kibapa

Na wembe unadumu nyuso ngapi? Na upi wa kununua?

MakaliMatupu

Mkuu, wa kawaida nyuso tatu hadi tano. Ndevu nzito, tatu. Ishara ya kuubadilisha ni kuvuta chini ya mdomo na kidevuni, siyo kukata.

Watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walionesha mwaka 2020 kwamba makali hayaishi kwa kusagika taratibu tu. Unywele ni laini kuliko chuma cha wembe karibu mara 50, lakini ukipinda wakati unakatwa, unameguamegua makali pale ambapo chuma chenyewe hakiko sawasawa. Ndiyo maana nasisitiza kile alichosema Povu_Zito: ndevu iliyolowa, povu zito, ngozi isiyokandamizwa, na wembe unadumu.

Kuhusu aina: Feather ya Japani ni kali kupita zote za kawaida na inafaa mashine ya upole, ukiiweka kwenye R41 unajitafutia. Astra ya kijani na Nacet ziko katikati, zinakubaliana na karibu kila mashine. Derby ya Uturuki ni laini, kwa ndevu nyepesi inatosha, kwa ndevu nzito itavuta. Kanuni yangu ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadili wembe, mashine na sabuni wiki moja, hutajua kipi kilikuudhi. Na usifute wembe kwa taulo. Utando mwembamba ulio juu ya makali unaondoka hapo. Suuza, kung'uta, acha ukauke.

Kinoo_Mbs

Mkuu, nikurekebishe kidogo kwenye "ngozi isiyokandamizwa". Mtu atasoma na kudhani ngozi isiguswe kabisa. Kwa wembe wa kukunja, shingo isiponyooshwa makali yanazama kwenye mkunjo.

NesiZaituni

Kaka Kinoo uko sahihi, na hapa tusichanganye watu. Mwenye ndevu zilizonyooka anyooshe ngozi, ni lazima kwa wembe wa kukunja. Mwenye vipele asiinyooshe, na kwa sababu hiyo wembe wa kukunja siyo chombo chake shingoni. Badala ya kuvuta kwa vidole, ainue kidevu tu, ngozi itandazike yenyewe. Wembe usafiri sentimita mbili hadi tatu kisha usuuzwe.

Pia, kila mtu apapase ndevu zake za siku mbili kabla ya kusema "nashusha". Pembeni mwa shingo ndevu nyingi hulala kuelekea nyuma au hata kupanda juu, na anayeshusha hapo kwa kudhani anafuata ndevu anakwenda kinyume bila kujua.

Baada ya kunyoa, maji ya baridi na shabu. Lowesha jiwe la shabu, lipitishe polepole, suuza baada ya nusu dakika. Panapochoma ndipo ulipopitisha wembe mara nyingi mno au kwa mwinamo mbaya. Kesho punguza hapo. Spiriti na manukato juu ya ngozi iliyochubuka viache.

Juma_Kibapa

Nashukuru. La mwisho: mashine ya vipande vitatu, upande mmoja unanyoa vizuri, upande wa pili unakwaruza. Imeharibika?

MakaliMatupu

Uwezekano mkubwa haijaharibika, wembe umekaa upande. Geuza kofia chali, weka wembe juu ya vijiti vyake, funika na bamba, kisha shika wembe kwa ncha zake fupi zisizo na makali na uukandamize kwenye kofia wakati unakaza mpini. Inua usawa wa macho kwenye mwanga: makali yachungulie sawa pande zote mbili. Yakipishana, legeza nusu duru, sogeza, kaza tena.

Kaza kwa vidole viwili mpaka isimame, basi. Mashine nyingi za bei ya kati ni za aloi ya zinki iliyopakwa kromi, na skrubu ya kofia ikikazwa kwa nguvu ya ngumi inakatika ndani ya mpini. Hapo hakuna fundi. Ukiona rangi ya kromi imebanduka kwenye uzi wa skrubu, kausha sehemu hiyo kila baada ya kunyoa, maana zinki ikishikwa na maji huanza kulika kutoka ndani.

Kama wembe uko sawa na upande mmoja bado unakwaruza, weka bamba juu ya kioo. Likicheza, limepinda, na mara nyingi ni kwa sababu lilianguka sinkini. Hilo badilisha.